Kanga Ndani ya Soksi

Tanimu alipoingia kwangu Magomeni mwezi uliopita, nilimtazama mguu kabla sijamtazama uso. Miaka imepita mingi, amenenepa, ndevu zimeingia mvi, kavaa kanzu pana ya kwao Nigeria na kofia ya kufuma, lakini mguu wa kulia ni ule ule, anautupa pembeni kidogo kila anapokanyaga, kama mtu anayekwepa dimbwi. Alivua viatu mlangoni, akainama mpaka chini kunisalimu kama wanavyowasalimu wakubwa kwao, na katika kuinuka akashika ukuta. Nyuma yake alisimama binti yake, mrefu, kavaa suti ya michezo, anachechemea. Walikuwa wamekuja Dar kwa mashindano ya wasichana, baba ndiye kocha, binti ndiye mshambuliaji. Tanimu akamweleza binti yake maneno marefu kwa Kihausa, kisha akanigeukia na Kiswahili chake alichokiokota mezani kwangu zamani. "Mama, namwambia huyu ndiye mama aliyeniponya mguu." Nikasema karibuni, kaeni, nikaenda jikoni kubandika chai. Nikajikuta nimesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, na moto ulikuwa umeshawaka.

Aliyeniponya mguu. Maneno hayo ananiambia kwenye simu kila Idi, nami kila Idi namjibu alhamdulillahi na kumuuliza habari za mvua. Wanaonijua wanajua sioni haya kumwambia mtu neno lake usoni. Mwenye bucha anajua, mawifi zangu wanajua, imamu mwenyewe anajua. Hili moja ndilo lililonikaa kooni. Basi nimeamua kuliandika. Shule nimeishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea zaidi kuandika majina ya wateja juu ya marobota kwa kalamu nene, kwa hiyo anayesoma anivumilie.

Mwaka huo nilikuwa Guangzhou. Ulikuwa mwaka mmoja kabla Wachina hawajafanya Olimpiki kule Beijing, na biashara ilikuwa imefunguka hata mtu aliyekuwa anauza maandazi Temeke ungemkuta yuko huko na kalkuleta shingoni. Mimi nilikuwa wa mapazia. Kitambaa nakichagua sokoni Zhongda, nakipeleka Kangle kwenye vyumba vya mafundi, kinashonwa, kinafungwa, kinapakiwa kontena. Mara ya kwanza nilikwenda kwa wiki chache tu, lakini mafundi wa Kangle ukiwapa kisogo wanakupunguzia pindo, basi safari hiyo nikakaa mwaka mzima niwasimamie. Sikuwa msichana, nilikuwa nakaribia hamsini, lakini mwaka ule nauhesabu kuwa ndio ulionifanya niwe mtu huyu niliye. Kabla yake nilikuwa najiamini kuliko inavyostahili.

Nilipanga nyumba ya vyumba viwili juu ghorofani pamoja na Zuhura, Mzanzibari, mwanamke kijana wa viatu na mikoba, mdomo wake haujui likizo. Sebule haikuwa na viti. Ilikuwa na marobota ya mapazia yaliyosubiri kontena, na wageni walikaa juu ya marobota hayo. Robota likisafirishwa, kiti kimekwenda, linakuja jingine. Nje ya mlango mama mwenye nyumba alikuwa ameweka kibanda kidogo chekundu chini ukutani, na machungwa na udi, na tulikuwa tunavuka kwa adabu tusiyapige teke. Mwezi wa tatu unyevu wa kule ni wa ajabu, kuta zinatoa jasho, sakafu inalowa kama imepigwa deki, kanga hazikauki mpaka uzipige pasi. Ndani ya jasho hilo mimi nilikuwa napika. Nilianza kupikia mimi na Zuhura, kisha wafanyabiashara wawili wa Kariakoo waliochoka na tambi, kisha wanafunzi wa Kitanzania waliokuja kusoma kwa ufadhili, na mwisho kila Jumapili mchana sebule inajaa, watu juu ya marobota, sahani mapajani, pilau, kachumbari, samaki wa nazi, na maneno mengi.

Tanimu aliletwa na Mnaijeria mwenzake aliyekuwa na duka la nguo barabara ya Guangyuan Xilu, karibu na stesheni ya treni, ambako Wanaijeria walijaa. Alisimama mlangoni kama kijana aliyetumwa posa. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha sokoni, wewe unauza nini? Akasema, "Mama, siuzi kitu. Nacheza mpira." Sebule nzima ikageuka. Zuhura akasema kwa Kiswahili, "Huyu mwembamba hivi? Upepo ukivuma si atakwenda na mpira?" Watu wakacheka, naye akacheka bila kujua amechekwa yeye. Siku hiyo kulikuwa na ugali. Alipouona akaita "Tuwo!", ndivyo wanavyouita kwao, kama aliyemwona ndugu yake, akanawa, akakata tonge, akala bila kuinua kichwa mpaka nikaona huruma. Timu yake ilikuwa ya daraja la pili, iko mji mdogo nje kidogo ya Guangzhou, ni mwendo wa basi. Alikuwa anakaa bwenini na Wachina, hana wa kuzungumza naye, anakula wali mweupe na kitu asichokijua. Tangu siku hiyo kila Jumapili alikuwa juu ya robota lake, lile la pembeni ya dirisha. Kiswahili alikiokota haraka, maana maneno mengi ya kwao na ya kwetu yanafanana. Akaanza kuniita Mama na mimi nikaitika.

Alikuwa mtoto mzuri. Nasema hivyo kwa sababu mimi sisifu ovyo. Alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa. Kaduna alikotoka mtaa mzima ulikuwa unamtazama yeye, na ndoto yake haikuwa kubwa sana, alitaka amalize msimu vizuri, apate mkataba wa pili, kisha timu ya daraja la juu imwone. "China ni ngazi, Mama. Ya kukanyaga, siyo ya kulala." Katika timu yake nafasi za wageni zilikuwa chache, na katikati ya msimu, wakati wa kiangazi, linafunguliwa dirisha la kubadilisha wachezaji. Mgeni asiyefanya kazi anatolewa, anaingia mwingine. Yule mwingine, kwa maneno yake Tanimu, alikuwa ameshafika. Mbrazili. Yuko hotelini, anakunywa juisi ya maembe, anasubiri mtu aumie.

Na ndipo Tanimu akaumia. Ilikuwa mazoezini, aligeuka ghafla, goti likalia. Hakumwambia mtu. Alijikaza mpaka mwisho wa mazoezi, akaomba ruhusa ya Jumapili kama kawaida, akapanda basi akaja kwangu. Nilimsikia kwenye ngazi kabla sijamwona, hatua moja, kimya, hatua moja, kimya. Alipokunja suruali tukaona goti limejaa, linang'aa, lile shimo la pembeni ya kifuniko limepotea. Watu wakaacha kula. Akasema, "Daktari wa timu akiliona hili, Jumatatu Mbrazili anavaa jezi yangu."

Katika wanafunzi waliokuwa wanakula kwangu kulikuwa na kijana mmoja wa Bukoba, Deogratias, tukimwita Deo, anasomea udaktari. Mpole, miwani, anakula taratibu. Deo aliweka sahani chini, akapiga magoti mbele ya Tanimu, akamshika mguu kwa mikono miwili, akauvuta mbele kidogo, akausukuma nyuma. Akarudia. Kisha akasema, "Mama Riziki, asiuguse mtu mguu huu. Ndani ya goti kuna kano, ni kama kamba. Moja nadhani imechanika nusu. Akipumzika inaweza ikatengenezwa. Akiikimbilia itakatika yote, na itaondoka na mengine." Akaongeza, "Profesa wangu hospitalini ni mtu mwema. Ijumaa nitampeleka mwenyewe apigwe picha, na klabu haitajua."

Neno lenyewe lilikuwa hilo, na lilisemwa kwa adabu, mbele yangu, ndani ya nyumba yangu, kwa Kiswahili safi. Mpaka leo nikitaka kujitetea nafsini mwangu, natafuta pa kujificha sipaoni. Sikukosa kuambiwa.

Lakini ijulikane nilikuwa nani. Mimi ni mkandaji. Wazazi nimewakanda, yaani wanawake waliojifungua, sijui idadi yao. Migongo ya wapagazi nimeikanda, vifundo vya watoto, mabega. Pale Guangzhou nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu na habasoda, nimetoka nayo nyumbani, na watu walikuwa wanajua. Mtoto wa kiume kupiga magoti sebuleni kwangu na kusema asiuguse mtu mguu huu, mimi nikiwa nimesimama pale na mwiko, nililisikia kuwa nimesemwa mimi. Nikamuuliza:

"Deo mwanangu, uko mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu, mama."

"Na umeshamtibu nani?"

"Bado hatujaruhusiwa kutibu, mama."

"Basi kula. Wali unapoa."

Sebule ililipuka kwa kicheko. Zuhura akapiga makofi, "Daktari wa karatasi! Mpeni mgonjwa wa karatasi!" Mfanyabiashara mmoja akamwambia amtibu kwanza kuku aliye sahanini. Deo naye akatabasamu, akarudi kwenye robota lake, akachukua kijiko. Wali wake hakuumaliza. Mimi nikaona. Nikasema moyoni, atajifunza. Tanimu alikuwa anatutazama, mara yeye, mara mimi. Nikamwambia, "Huo ni upepo umeingia gotini. Nitautoa."

Nilimkanda siku hiyo hiyo, watu walipoondoka, Zuhura akiwa pale kushika beseni. Maji yanayochemka, chumvi ya mawe, taulo linachovywa, linakamuliwa, linabandikwa juu ya goti. Aliruka, akamtaja Mungu, nikamkaripia atulie. Kisha mafuta, na kuchua, kutoka juu kushuka, kwa nguvu, kama nilivyozoea kuuchua mgongo. Leo najua, kwa sababu nimeuliza, kwamba uvimbe mbichi haupelekewi moto. Siku ile sikujua na sikuuliza. Lakini sitasema kwamba sikujua chochote. Nilipokuwa nachua, kuna mahali kiganja changu kilipopita, mfupa wa chini ukasogea. Ulisogea kidogo tu, kwenda mbele, pale ambapo goti halisogei. Nimekanda miguu mingi, na mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu. Mikono iliniambia Deo amesema kweli. Nilisimama kidogo. Zuhura akauliza, "Vipi, Bi Mkubwa?" Nikasema, "Hamna. Lete taulo jingine."

Kisha nikachukua kanga yangu, nyekundu na nyeupe, mpya kabisa, nikaichana upande mmoja kipande kirefu, nikamfunga goti kwa namna tunavyowafunga wazazi tumbo, mzunguko juu ya mzunguko, kwa kubana. Nikamfundisha afunge mwenyewe. Nikamwambia avae soksi ndefu, aivute juu ya kitambaa, bukta itafunika kinachobaki, na daktari wao asione. Tanimu alisimama. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akachuchumaa nusu. Akanishika mikono yote miwili, akalia machozi. "Mama, maumivu yamekwenda." Yalikwenda kweli, moto unaficha maumivu. Mimi nilivimba kichwa kuliko goti lake.

Akacheza. Mechi ya kwanza akacheza kipindi kimoja, ya pili akacheza yote, ya tatu akafunga bao kwa mguu ule ule, na Mnaijeria wa Guangyuan Xilu akaja na kreti ya soda kunishukuru kwa niaba ya nchi yake. Kila Jumapili na Jumatano Tanimu alikuja kukandwa. Habari zilienea. Walikuja Wakongo na migongo yao, akaja mama wa Kenya na bega, akaja hata bosi wa chumba cha ushonaji kule Kangle, mwanamke wa Kichina mkavu ambaye ukimwomba kitu jibu lake ni "meiyou", hakuna, hata kikiwa mezani. Nikamkanda shingo na wiki ile mapazia yangu hayakupunguzwa pindo. Watu wakaanza kuniita Daktari. Mwanzoni nilikuwa nakataa kwa mdomo, baadaye sikukataa hata kwa mdomo. Na Deo hakuonekana tena Jumapili. Mtu akiniuliza yuko wapi, nasema ana mitihani.

Dirisha la wachezaji lilikuwa linakaribia kufungwa. Ilibaki mechi moja. Akiimaliza hiyo, Mbrazili anarudi kwao na Tanimu anabaki mpaka mwisho wa msimu. Alitupatia nafasi za kukaa jukwaani, mimi, Zuhura na Wanaijeria kadhaa waliokuja na ngoma. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua la kule linachemsha hata upepo. Niliketi mbele nimejitanda kanga yangu ile nyekundu na nyeupe, iliyochanwa upande, najiona mama wa mchezaji. Kila alipogusa mpira nilikuwa natazama goti. Nilikuwa namwambia Zuhura, "Unaona? Unaona linavyokunjika?" Zuhura anasema, "Naona, Bi Mkubwa, hilo goti sasa ni la kwako."

Alianguka peke yake. Hilo ndilo lililonitisha, hakukuwa na mtu karibu. Mpira ulikuja juu, akaruka, akaupiga kichwa, akashuka kwa mguu mmoja, na mguu ukaenda upande ambao mguu hauendi. Alipiga ukelele mmoja tu. Ngoma zikanyamaza. Daktari wa timu akakimbia, akapiga magoti, akachukua mkasi akaichana soksi toka juu mpaka chini. Kisha akashika ncha ya kitu, akavuta. Akaendelea kuvuta. Kanga yangu ikatoka pale uwanjani, nyekundu na nyeupe, ndefu, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anavyotoa utumbo wa samaki. Aliiinua juu kwa vidole, akamwonyesha kocha kule kwenye benchi. Uwanja ule ulikuwa na maelfu ya watu na hakuna aliyejua kile ni nini. Zuhura akageuka, akanitazama mabega. Akasema polepole, "Mama Riziki. Si kanga yako ile?" Nikasema, "Nyamaza." Nikaivua mabegani, nikaikunja, nikaikalia.

Walimuuliza Tanimu nani amemfunga. Akasema amejifunga mwenyewe. Walimuuliza tena mbele ya mkubwa wa klabu, akasema ni yeye. Kuficha jeraha kulikuwa ni kuvunja mkataba, na kwa kuwa ameuvunja yeye, matibabu si juu yao. Alipoomba angalau wampeleke hospitali jibu lilikuwa lile lile nililolizoea Kangle. Meiyou. Jumatatu Mbrazili akavaa jezi. Tanimu akaletwa kwangu na begi lake moja, na sikuwa na kitanda cha kumpa, nikampangia marobota mawili ya mapazia chini ya dirisha, na hapo akalala mpaka mwisho wa mwaka. Nilimpikia. Jamani nilimpikia! Nilimpikia vitu ambavyo sijawahi kumpikia mume wangu. Supu ya kongoro asubuhi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, na kila nikimwekea sahani anasema, "Mama, unajisumbua." Ningetamani atupe sahani ukutani.

Deo alikuja. Hakuitwa na mimi, Zuhura ndiye aliyempigia simu nikiwa sokoni. Nilirudi nikamkuta sebuleni amepiga magoti pale pale alipopiga siku ile, ameshika goti lile lile. Aliinuka, akaniambia, "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. Akampeleka Tanimu kwa profesa wake, akapigwa picha, na picha ikaonyesha kila alichokisema, na yale mengine aliyosema yataondoka, yalikuwa yameondoka. Ilihitajika kupasuliwa mara zaidi ya moja na hata hivyo mpira wa kulipwa basi. Nilikuwa nasubiri Deo aniambie neno. Nilimwekea wali, nikamwekea na nyama ya juu. Akala, akaumaliza wote safari hii, akasema ahsante, akaondoka. Hajanisema mpaka leo. Nasikia yuko Dodoma, anatibu watoto. Mtu anayekuacha hivyo bila kukutukana anakuachia kazi yote uifanye mwenyewe.

Mwaka Mpya wa Kichina ulipokaribia, mji ulihama. Mafundi wa Kangle walifunga vyerehani, wakabeba mabegi ya plastiki, wakarudi vijijini kwao, na vichochoro vile vilivyokuwa vinanguruma vikawa kimya hata unasikia maji ya bomba. Tanimu aliondoka siku hizo. Wanaijeria walichanga tiketi. Mlangoni, karibu na machungwa ya mama mwenye nyumba, aliinama kwa fimbo yake mpaka nikaogopa ataanguka, akasema, "Mama, wewe ulinipa zile mechi. Bila wewe nisingecheza hata moja." Nikamwambia safari njema. Niliporudi ndani nikachukua chupa ya mafuta nikaimwaga chooni. Sijamkanda mtu tangu siku hiyo. Wajukuu zangu walipozaliwa, mama zao walikandwa na watu wengine, na kila mtu hapa mtaani ana maelezo yake kwa nini Mama Riziki ameacha kazi yake ya mikono. Wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema ni pesa za mapazia.

Basi mwezi uliopita nilirudi sebuleni na chai, nikamimina, Tanimu akanywa akasifu tangawizi. Kisha akamwambia binti yake kitu, na binti akavua kiatu, akavua soksi, akaweka mguu juu ya stuli yangu. Kifundo kimevimba kama andazi. Tanimu akasema, "Kesho fainali, Mama. Na kuna watu wanakuja kuwatazama wasichana, wanatafuta wa kupeleka Ulaya. Daktari wa mashindano hajaona." Alisema akitabasamu, kama mtu aliyerudi kisimani alikokunywa zamani. "Maji ya moto unayo?"

Nilikaa. Nilimwambia, "Tanimu, sikukuponya mguu. Niliumaliza. Deo alisema kweli, na mimi nilijua kwamba amesema kweli, nililigusa goti likasogea mkononi mwangu, nikanyamaza nikaita taulo."

Hakushtuka. Alizungusha kikombe juu ya kisahani. "Mama, na mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile nilipotoka kwako, nilimkuta Deo ananisubiri ngazini. Akanieleza tena kwa Kiingereza, taratibu, mpaka nikaelewa. Nilielewa vizuri. Lakini ningekwenda kwa profesa ningeambiwa nisicheze. Nikarudi kwako kwa sababu wewe ulisema naweza."

Miaka yote hiyo nilidhani ukweli huo, nikiusema, ndio utakaokuwa mzito. Kumbe yeye alikuwa na wake. Alinichagua mimi katika sebule ile nzima kama mtu anavyochagua fundi atakayekata kitambaa anavyotaka mwenyewe, na alichagua sawasawa. Nilimtazama, nikamtazama binti yake aliyekuwa hajui tunasema nini, mguu wake juu ya stuli yangu, anasubiri.

Nikamwambia, "Na leo umekuja kwangu tena."

Tanimu aliinamisha kichwa. Mimi nikaita bajaji. Nikamwambia, mpeleke apigwe picha, sasa hivi, na kocha si wewe tena mpaka picha itoke, wewe ni baba. Alipomweleza binti kwa Kihausa, yule binti alitoa mguu juu ya stuli kwa nguvu hata kikombe kikaanguka, akanitolea macho, akasema maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Alitoka akiruka kwa mguu mmoja, soksi mkononi, bila kuniaga. Baba yake alitaka kumrudisha anisalimu. Nikamwambia amwache.

Alinipigia simu kesho yake. Mfupa ulikuwa na ufa mwembamba, wakaufunga. Fainali walifungwa, na wale watu wa Ulaya wakachagua wengine. Nikamuuliza binti yuko wapi. Akasema yupo hapa kando, lakini hataki kuongea na wewe, Mama, subiri nimpe simu kwa lazima. Nikamwambia asimlazimishe.